Mwalimu Anaugua Kila Jumatatu

Ndugu msomaji, leo nitakueleza habari za ugonjwa ambao mimi mwenyewe nilisaidia kuuficha.

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji. Nilisoma miaka miwili, nikapata cheti, nikapangiwa kazi katika kijiji kisicho mbali na kwetu. Katika kijiji hicho yupo mwalimu mmoja. Ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika nilipokuwa darasa la kwanza. Jina lake sitalitaja. Lakini yeye mwenyewe ameniruhusu niandike habari hizi ili ziwafae wengine.

Jumatatu moja asubuhi mwalimu huyo alikuja zahanati. Alisema kichwa kinamwuma, tumbo linasokota na mwili hauna nguvu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilimpima malaria kwa tone la damu. Kipimo kilionyesha kwamba hana malaria. Hata hivyo nilimwandikia karatasi ya kupumzika, ile ambayo watumishi huiita ED. Nilimpa siku mbili.

Baada ya wiki mbili alikuja tena. Ilikuwa Jumatatu. Kwa muda wa miezi mitatu nilimwandikia karatasi saba. Mara nyingine niliandika malaria bila hata kumpima. Harufu ya pombe niliisikia, lakini niliona haya. Nitamwulizaje mwalimu wangu habari za pombe?

Jioni moja mkewe alinijia nikifunga zahanati. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akasema:

"Mwanangu, nakuomba usimpe tena ile karatasi."

"Kwa nini, mama?"

"Malaria hiyo inaanzia kilabuni siku ya Ijumaa. Wewe unampa siku mbili za kulala, naye anazinywea. Mwalimu mkuu anasoma karatasi yako, anaamini. Tunaojua ni mimi na watoto."

Sikuwa na jibu la kumpa.

MLEVI SI YULE WA NJIANI TU

Tukisikia neno mlevi, tunamfikiria mtu aliyelala kando ya njia, nguo zimechafuka na watoto wanamcheka. Hatumfikirii mwalimu, mwuguzi, karani, bwana shamba, dereva wala askari. Hao wana kazi. Wanavaa vizuri. Wanapata mshahara kila mwezi. Kwa hiyo tunasema, "Huyu si mlevi, huyu anakunywa tu kidogo."

Lakini ugonjwa huu hauchagui. Mtu mwenye kazi anaweza kuuficha kwa muda mrefu kuliko mkulima, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni fedha. Mkulima akiuza mazao anakunywa, fedha ikiisha anapumzika. Mtumishi ana mshahara. Hata ukiisha, anakopeshwa, kwa sababu mwuza pombe anajua mwisho wa mwezi utafika. Wapo watumishi ambao kadi zao za benki zinakaa kwa mtu aliyewakopesha.

Sababu ya pili ni heshima. Watu wanaogopa kumwambia ukweli. Wanasema, "Nani atamfundisha mwalimu?"

Sababu ya tatu ni wasaidizi. Mwenzake anamfundishia vipindi vyake. Mke anasema mume wake ana homa. Mganga anaandika karatasi. Kila mmoja anadhani anamwonea huruma, kumbe anaulisha ugonjwa.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ugonjwa huu huitwa uraibu. Mtu anayeumwa huitwa mraibu. Uraibu ni hali ya mwili na akili kuzoea kileo au dawa, hata mtu akashindwa kuacha ingawa anaona inamdhuru.

Unaanza hivi. Mtu anakunywa, anajisikia vizuri. Kileo kinapunguza kasi ya ubongo. Siku zikipita, ubongo unajizoesha. Kiasi kile cha kwanza hakimtoshi tena. Anaongeza. Wengine humsifu wakisema, "Huyu ni mwanaume, anakunywa chupa nane halewi." Ndugu msomaji, hiyo si sifa. Hiyo ni dalili kwamba mwili wake umezoea.

Halafu inakuja hatua nyingine. Asipokunywa, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Akinywa kidogo asubuhi, anatulia. Sasa hanywi ili afurahi. Anakunywa ili asiugue.

Kwa hiyo uraibu si tabia mbaya tu, wala si laana. Ni ugonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa juu ya pombe. Lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 209 duniani walikuwa na uraibu wa pombe. Katika mwaka huo huo pombe ilisababisha vifo milioni 2.6.

HESABU YA CHUPA

Tufanye hesabu kidogo. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina kileo cha gramu 20 hivi. Pombe kali ya asilimia 40 ina gramu 16 katika mililita 50 tu, yaani vijiko 10 vya chai. Kwa hiyo kikombe kidogo cha pombe kali kinakaribia chupa nzima ya bia. Nguvu ya gongo haipimwi na mtu. Tena gongo inaweza kuwa na sumu iitwayo methanoli. Sumu hiyo hupofusha macho, na huua.

Kazi ya kuondoa kileo mwilini hufanywa hasa na ini. Ini huchukua saa moja au zaidi kuondoa kileo cha nusu chupa ya bia. Mtu akinywa chupa sita, ini linahitaji saa kumi na mbili au zaidi. Tuseme amemaliza kunywa saa sita usiku. Saa mbili asubuhi anaingia darasani, au anashika usukani wa basi, au anachoma sindano. Bado kileo kimo mwilini mwake. Kahawa haikiondoi. Kuoga maji baridi hakukiondoi. Ni muda tu.

DALILI ZA MTUMISHI ANAYEUMWA

Dalili moja peke yake haitoshi. Zikiwa nyingi, na zikirudi tena na tena, tushtuke.

1. Haonekani kazini Jumatatu, au siku zinazofuata mshahara.
2. Anachelewa, anatoka mapema, na kila mara ana sababu mpya.
3. Mikono inatetemeka asubuhi, lakini mchana inatulia.
4. Ana harufu ya pombe kazini, au kila wakati anatafuna kitu cha kuficha harufu.
5. Kazi aliyokuwa akiifanya vizuri sasa ina makosa. Madaftari hayasahihishwi, hesabu hazilingani.
6. Anasahau mambo aliyosema au aliyofanya jana usiku.
7. Ana madeni ingawa mshahara haukupungua.
8. Anaanguka na kuumia mara kwa mara.
9. Anakasirika akiulizwa habari za pombe.
10. Amepungua mwili, hali chakula vizuri, ila anakunywa.

Yapo pia maswali manne yanayotumiwa na waganga wa nchi nyingi. Yalienezwa na daktari wa Marekani aitwaye John Ewing, aliyeandika habari zake mwaka 1984. Kila mtu anaweza kujiuliza mwenyewe:

La kwanza: Je, umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze kunywa?
La pili: Je, watu wamekuudhi kwa kukulaumu juu ya kunywa kwako?
La tatu: Je, umewahi kujisikia vibaya moyoni, au kujiona una hatia, kwa sababu ya kunywa?
La nne: Je, umewahi kunywa asubuhi mara tu unapoamka, ili utulie au uondoe uchovu wa jana?

Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, nenda ukamwone mganga. Majibu hayo hayakuhukumu. Yanakuonyesha njia ya zahanati.

SI POMBE PEKE YAKE

Wapo madereva wanaotafuna mirungi ili wasilale safarini. Wapo watu wanaomeza vidonge vya usingizi kila siku bila kuandikiwa na daktari. Na sisi watu wa hospitali tujiseme wenyewe. Kabatini mwetu mna dawa kali za maumivu, kama pethidini. Mganga au mwuguzi anaweza kuanza kwa kujichoma sindano moja kwa sababu ya uchovu, akaishia kuiba dawa ya wagonjwa. Yeye ana funguo, na anajua kujichoma. Hatari yake ni kubwa zaidi.

Msaada upo kwa hao pia. Kwa mtu aliyezoea heroini, kwa mfano, ipo dawa iitwayo methadoni. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011.

HATARI YA KUACHA GHAFLA

Sasa turudi kwa mwalimu wetu.

Baada ya maneno ya mama yule, niliacha kuandika karatasi. Lakini sikufanya jambo jingine lolote. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mwalimu alikosa kazini bila karatasi. Aliitwa mbele ya wakubwa wake, akaambiwa, "Acha pombe leo hii, au utafukuzwa." Aliona aibu kubwa. Alikwenda nyumbani, akaacha siku ile ile. Hakumwambia mtu.

Usiku wa kwanza hakulala. Alitetemeka na kutoka jasho. Siku ya pili alitapika, halafu akaanguka, akakakamaa, akapigapiga miguu kama mtu wa kifafa. Siku ya tatu alianza kuweweseka. Aliona siafu wanapanda ukutani, na siafu hawakuwapo. Alizungumza na marehemu baba yake. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema ana mashetani. Walikuwa wakitafuta mtu wa kumpunga, ndipo mkewe akamtuma mtoto anikimbilie.

Tulimpeleka hospitali ya wilaya. Daktari alinitazama, akaniuliza swali moja tu: "Amekunywa mara ya mwisho lini?"

Nilikuwa nimemwona mgonjwa huyu miezi mitatu. Swali hilo sikuwahi kumwuliza. Mkewe ndiye aliyejibu.

Ndugu msomaji, lishike jambo hili vizuri. Mtu anayekunywa sana kila siku, kwa muda mrefu, akiacha ghafla bila dawa anaweza kufa. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kunywa mara ya mwisho. Kifafa huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Kuweweseka huja mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Ukiona kifafa, homa, kuweweseka, au mtu anaona vitu visivyokuwapo, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

Kwa hiyo usimfungie mlevi chumbani ili aache. Usimfunge kamba. Usimwambie, "Kaa siku tatu bila kunywa, ndipo nitakupeleka." Mpeleke kwanza, aache akiwa mikononi mwa mganga.

MATIBABU YAKOJE?

Matibabu yana sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kuutoa mwili katika kileo kwa usalama. Kwa watu wengi kazi hii huchukua wiki moja hivi. Daktari hutoa dawa ya kutuliza ubongo, kama diazepamu, na kuipunguza siku hadi siku. Dawa hii isinunuliwe dukani na kunywewa kienyeji. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Tena yenyewe inaweza kuleta uraibu.

Mgonjwa hupewa pia vitamini B1. Watu wanaokunywa sana hukosa vitamini hiyo. Ikikosekana kabisa ubongo huharibika, na mtu hupoteza kumbukumbu. Mwalimu wetu alipewa sindano za vitamini hiyo kabla ya kuanza kula vizuri.

Sehemu ya pili ni ndefu zaidi. Ni kujifunza kuishi bila pombe. Hapa mgonjwa huzungumza na mshauri mara kwa mara. Anatafuta chanzo. Je, ni upweke wa kupangiwa kazi mbali na nyumbani? Ni madeni? Ni msiba? Ni marafiki wa Ijumaa? Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, ambazo huandikwa na daktari. Zahanati isipoweza, itakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, hutibu magonjwa ya akili na uraibu.

Jambo jingine ni kikundi cha watu wenye shida moja. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, alikuwako daktari wa upasuaji aitwaye Robert Smith. Alikuwa mraibu wa pombe. Alikutana na William Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, ambaye naye alikuwa mraibu na alikuwa ameacha. Walizungumza, wakasaidiana. Daktari Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Aliishi bila pombe hadi alipofariki mwaka 1950. Siku ile inahesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha waraibu wanaosaidiana, ambacho sasa kimeenea nchi nyingi. Basi hata daktari wa upasuaji aliugua, na alipona kwa kukaa na mwenzake na kusema ukweli.

TUMWAMBIEJE?

Mwambie akiwa hajalewa. Asubuhi ni afadhali kuliko jioni. Mwambie faraghani, si mbele ya wanafunzi wala mkutanoni. Taja yale uliyoyaona kwa macho. Usimtukane.

Usiseme, "Wewe ni mlevi, unatuaibisha." Sema hivi: "Mwalimu, mwezi huu umekosa vipindi sita. Mikono yako inatetemeka. Nina wasiwasi na afya yako. Twende wote kwa mganga, nami nitakungoja nje."

Hata mwajiri ana kazi yake. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo kwa mahali pa kazi. Mwongozo huo unasema matatizo ya pombe na madawa yahesabiwe kuwa matatizo ya afya, na siri ya mgonjwa itunzwe. Haina maana kwamba mtu alewe kazini bila kuulizwa. Mwenye kukosa aulizwe. Dereva aliyelewa asiendeshe gari hata hatua moja. Lakini karipio bila matibabu linaweza kuleta yale yaliyompata mwalimu wetu.

Nyumbani, msiseme uongo kwa ajili yake. Msimlipie deni la pombe. Msimtume mtoto kilabuni. Mfungulieni mlango anapokuwa tayari kwenda kutibiwa.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Jambo la choo nalo lilikuwa la aibu kulizungumza. Lilipozungumzwa, vyoo vilichimbwa. Na hili la pombe tulizungumze.

JUMATATU NYINGINE

Mwalimu alirudi kijijini baada ya siku kumi. Aliomba kadi yake ya benki kwa aliyemkopesha, wakakubaliana deni lilipwe kidogo kidogo. Alibadilisha njia ya kurudi nyumbani, asipite kilabuni. Kila Jumamosi alikuja tukazungumza chini ya mwembe wa zahanati.

Baada ya miezi minne alikwenda arusini, akanywa. Alikunywa siku tatu. Watu walisema, "Tulijua tu. Mlevi haponi." Ndugu msomaji, kurudia si mwisho wa matibabu. Mgonjwa wa kisukari sukari ikipanda tena, hatumfukuzi. Tunamtibu upya.

Jumatatu asubuhi mwalimu alikuja zahanati kabla ya wagonjwa wote. Nilimwamkia. Akakaa, akaweka mikono yake mezani ili nione inavyotetemeka.

"Leo usiniandikie malaria," alisema. "Andika pombe."

Niliandika hivyo katika kitabu cha wagonjwa. Kisha nikamwuliza, "Mwalimu, umekunywa mara ya mwisho lini?"

Alinijibu. Tukaondoka pamoja kwenda hospitali. Sasa ni zaidi ya mwaka mmoja, naye hajanywa. Jumatatu yuko darasani, anawafundisha watoto wa darasa la kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mtumishi anaweza kuficha uraibu kwa muda mrefu?
2. Mganga alifanya makosa gani mawili?
3. Kwa nini ni hatari kwa mtu anayekunywa sana kila siku kuacha ghafla akiwa nyumbani?
4. Chupa nne za bia ya nusu lita zina gramu ngapi za kileo?
5. Katika kijiji chenu, mtu akitaka kutibiwa uraibu ataanzia wapi? Nani atamsindikiza?